Lori Lililombeba Mlezi Mkuu

Nchi ninayotaka kuisimulia haimo katika ramani yoyote, na wachora ramani hawastahili lawama. Kila walipofika mpakani na vipimo vyao waliombwa wakae kivulini wamsubiri mgeni rasmi, na mgeni rasmi alikuwa bado yuko njiani. Naisimulia kwa nia njema kabisa, kwa kuwa ni nchi yenye utaratibu, na mtu aliyesoma hawezi kuuona utaratibu wa namna ile akanyamaza.

Katika nchi hiyo walikuwapo mume na mke, Bwana Ngwali na Bi Mashavu, wote wawili watumishi wa serikali. Bwana Ngwali alikuwa mpimaji wa hali ya hewa katika mji wa Makaani, kusini kabisa. Kazi yake ilikuwa kupima mvua, kisha kuitangaza baada ya wakubwa kuirekebisha. Bi Mashavu alikuwa mkunga mkuu katika hospitali ya Mwambajuu, kaskazini kabisa, kwenye vilima vyenye ukungu.

Serikali haikuwatenganisha kwa ubaya. Ilionelea tu kwamba mume na mke wakiwekwa kituo kimoja huenda wakazungumza, na mazungumzo ya watumishi wawili bila katibu wa kuchukua kumbukumbu si jambo la kuachiwa hivi hivi. Waliwahi kuomba uhamisho. Mume, aliyekuwa Mwambajuu wakati huo, aliomba kumfuata mkewe Makaani. Mke, bila kujua, akaomba kumfuata mumewe Mwambajuu. Serikali ile sikivu ikawakubalia wote wawili siku moja. Wakakutana katikati ya safari kwenye mgahawa wa njiani, wakanywa chai, wakacheka mpaka machozi yakawatoka, kisha kila mmoja akaenda kuishi alikotoka mwenzake. Binti yao pekee, Nasra, alizaliwa baada ya likizo ya mwaka, na wizara ilimtaja katika taarifa yake kuwa ni ushahidi kwamba likizo za watumishi hazipotei bure.

Hatimaye Bwana Ngwali akastaafu. Mstaafu katika nchi ile hana faida kwa mtu yeyote, na kwa hiyo huruhusiwa kuishi na mkewe. Bi Mashavu akapangiwa nyumba ya serikali yenye vyumba viwili na mpapai uani. Sharti lilikuwa moja: nyumba ni ya kaya kamili, na kaya kamili hutambuliwa kwa kitanda cha watu wawili, kabati, meza ya chakula, na picha ya Mlezi Mkuu wa Taifa ukutani. Mume hakutajwa. Mkaguzi wa Kaya angefika Ijumaa adhuhuri kuvitazama vitu hivyo kwa macho yake. Asipovikuta, nyumba ingekwenda kwa Naibu Mkurugenzi, mtu ambaye tayari alikuwa na nyumba mbili na alihitaji ya tatu ya kuwekea funguo za zile mbili.

"Ukichelewa, Baba Nasra, mimi nitarudi bweni la wauguzi," Bi Mashavu alimwambia kwenye simu, "na pale mwanamume hapiti mlangoni hata akiwa na uchungu wa kuzaa."

"Sitachelewa, Mama Nasra. Kesho nakodi lori."

"Lori la nani?"

"La Shirika."

"Basi acha nianze kukutafutia benchi zuri pale stendi," akasema.

*

Shirika la Taifa la Malori ya Kuhamia lilikuwa na lori moja na maofisa wengi, uwiano unaosifiwa na wataalamu wa menejimenti. Bwana Ngwali alipokelewa na Afisa Itifaki wa Mizigo, Bwana Kigwa, aliyevaa suti nyeusi na glavu nyeupe za kupakilia.

Hapa yafaa nieleze desturi moja. Katika nchi nyingine watu hupakia vizito chini na vyepesi juu, kwa sababu wanaogopa mashimo ya barabarani. Katika nchi hii barabara hazina mashimo, kwa tamko rasmi, na hivyo watu wako huru kupakia kwa kufuata heshima ya kila kitu. Kabati, kwa kuwa huhifadhi suti ya sherehe, lilitangulia. Meza ikafuata. Kitanda kiliwekwa pembeni na kufunikwa, kwa sababu za maadili. Sufuria, ambazo zimekuwa zikiungua kwa miaka bila kulalamika, ziliambiwa zisubiri, kama kawaida yao.

"Na Yeye yuko wapi?" akauliza Bwana Kigwa.

"Nani?"

"Mzee Ngwali! Kaya yako ina nani ukutani?"

Bwana Ngwali akaileta Picha. Ilikuwa ile kubwa, ya fremu ya dhahabu na kioo, waliyopewa watumishi wote mwaka ule mishahara ilipochelewa. Bwana Kigwa akavua kofia.

"Hii hailazwi," akasema, "kwa kuwa Mlezi Mkuu halali wakati taifa lina kazi. Haifunikwi turubai, kwa kuwa hana la kuficha. Haipakiwi pamoja na sufuria. Na haielekezwi nyuma, kwa kuwa Yeye hatazami nyuma."

"Tuiweke wapi basi, Bwana Kigwa?"

Dereva, kijana mmoja mnene mwenye kucheka ovyo aliyeitwa Pazi, akatoa kichwa dirishani. "Mbele hapa, Mzee. Kiti cha abiria."

"Nami nikae wapi?"

"Wewe una kiti chako kule nyuma, si ndiyo? Kile cha kuegemea. Kaa pembeni ya kabati ulishike. Likianguka ni hasara yako. Ukianguka wewe, ni hasara ya mkeo."

Hivyo ndivyo ilivyopangwa. Picha ikafungwa mkanda katika kiti cha mbele, uso kuelekea barabarani. Bwana Ngwali akapanda juu, akaketi katika kiti chake mwenyewe, katikati ya samani zake mwenyewe, akatazama mji wa Makaani ukirudi nyuma. Anga lilikuwa jeupe. Alifurahi kwamba sasa anaweza kuliona hivyo bila kumuuliza mtu.

*

Kwenye kizuizi cha kwanza askari alisimamisha lori kwa sauti ya mtu aliyekwisha kufikiria chakula cha mchana. "Zima gari! Shuka, fungua nyuma, tuone ume..." Hapo akamwona abiria. Visigino vyake vikagongana vyenyewe.

Msomaji asiyeifahamu nchi ile aelezwe kwamba ipo sheria isemayo: popote ilipo Picha, Mlezi Mkuu yupo. Ilitungwa mwaka ule alipochoka kusafiri, na tangu hapo amehudhuria mikutano mingi kuliko kiongozi yeyote duniani.

"Anakwenda wapi?" askari akamnong'oneza Pazi.

"Mwambajuu."

"Ziara ya kikazi, au ya kushtukiza?"

Pazi alikuwa mkweli kwa tabia. "Ya kuhama," akasema.

Askari akarudi nyuma hatua kadhaa, akashika redio yake kwa mikono miwili. "Afande, Mlezi Mkuu anahamia kaskazini. Ndiyo, afande. Kwa lori. Ameketi mbele kama mwananchi wa kawaida. Ndiyo, ana kabati." Kisha akaanza kulia, kwa kuwa unyenyekevu wa namna ile hakuwahi kuuona.

Kuanzia hapo lori likatanguliwa na pikipiki mbili zenye ving'ora na kufuatwa na gari la wagonjwa. Magari mengine yalisukumwa mtaroni kwa adabu. Bwana Ngwali alidhani kwamba sasa watafika upesi. Mkosi wake ulikuwa kwamba alisomea mawingu badala ya serikali.

*

Wilaya ya Pambazuko ilikuwa imejipanga barabarani. Wanafunzi walipunga matawi, ngoma ililia, na Mkuu wa Wilaya alisimama mbele ya bomba jipya la maji lililofungwa utepe. Jambo pekee lililokosekana lilikuwa kiti. Viti vyote vya wilaya vilionekana havina hadhi, na Mkuu wa Wilaya akaamuru kwamba sherehe ifanyike kwa kusimama.

"Nani atamshika?" akauliza. Macho ya wote yakazunguka, yakamkuta Bwana Ngwali akishuka kutoka kwenye lori na majani ya godoro kichwani.

"Wewe kishikio! Njoo."

Bwana Ngwali akaishika Picha mbele ya kifua chake, akatoweka nyuma yake. Kwa muda wote wa sherehe hakuna aliyemsalimu wala kumpa maji, kwa kuwa kishikio hakinywi.

"Mheshimiwa Mlezi Mkuu, itifaki imezingatiwa," akaanza Mkuu wa Wilaya. "Wananchi wa Pambazuko wameniomba nikwambie kwamba hawana ombi lolote. Walikuwa na shida ya maji, lakini waliposikia unakuja, shida hiyo ikaona haya ikaondoka. Kishikio, inua kidogo."

Mkasi ukafungwa kwenye fremu, Picha ikasogezwa, utepe ukakatika. Bomba likafunguliwa. Likakohoa, likatoa mjusi. Watu wakapiga makofi, kwa kuwa mjusi yule alikuwa mnene na mwenye afya, dalili ya mazingira bora.

Kisha Mlezi Mkuu akaombwa aseme neno na wananchi. Pakawa kimya. Upepo ulipita. Wazee walitikisa vichwa kukubali. Kimya kile kilipokuwa kirefu cha kutosha, ngoma zikapigwa, na wote wakakubaliana kwamba hajawahi kutoa hotuba fupi na yenye kina kama ile. Gazeti la serikali liliichapisha yote bila kupunguza hata nukta.

Simu ya Bwana Ngwali ikalia mfukoni.

"Mko wapi, Baba Nasra?"

"Pambazuko. Tumezindua bomba."

"Nani amezindua?"

"Mimi na Mlezi Mkuu."

"Umekunywa nini wewe?"

"Hapo ndipo tatizo lilipo, Mama Nasra. Sijanywa kitu."

*

Habari husafiri kwa kasi kuliko lori lenye ving'ora. Alhamisi walipofika Wilaya ya Uthabiti, wenyeji walikuwa wamekwisha kuapa kwamba Pambazuko haiwezi kuwashinda. Kando ya barabara palikuwa na migomba mirefu iliyopandwa asubuhi ile, bila mizizi, ili isipoteze muda. Hospitali ilikuwa imepakwa rangi na wagonjwa wote wamepewa likizo. Na juu ya jukwaa, katikati ya meza kuu yenye kitambaa cheupe, palikuwa na kiti cha kifalme chenye mito ya mahameli.

"Pambazuko walimsimamisha kama mlinzi!" akasema Mkuu wa Wilaya ya Uthabiti, mama mmoja mrefu mwenye miwani ya jua na sauti ya kipaza sauti. "Hapa ataketi."

Picha ikaketishwa, ikavishwa taji la maua. Wakubwa wote wa wilaya wakaketi kulia na kushoto kwake: mahakama, polisi, kilimo, mapato, elimu, hata mkuu wa zimamoto ambaye hana gari. Pilau ikaletwa, na kuku, na mbuzi mzima amesimama kama aliye hai. Risala ikasomwa. Na hapo Uthabiti wakagundua, bila mtu yeyote kusema, kwamba wamejifunga.

Itifaki ya nchi ile inasema wazi: Mlezi Mkuu akiketi, hakuna anayekula kabla yake, na hakuna anayeinuka kabla yake.

Hakula. Hakuinuka.

Pilau ikaacha kutoa moshi. Ofisa wa kilimo alimtazama kuku aliyekuwa mbele yake kama mtu anayetazama picha ya ndugu aliye ng'ambo. Magharibi ikaingia, kila mtu akiwa ametabasamu. Alfajiri ya Ijumaa iliwakuta pale pale, umande kwenye suti zao, Mkuu wa Wilaya akiwa bado na miwani yake ya jua. Mkuu wa zimamoto alikuwa akilala macho wazi, ufundi aliojifunza kazini.

Bwana Ngwali aliyatazama hayo yote akiwa chini, pembeni ya gurudumu la lori, kwa kuwa vishikio haviketi meza kuu. Alitazama mawingu ya mashariki. Kutoka pale hadi Mwambajuu palikuwa na mwendo wa asubuhi nzima, mlima wote.

"Pazi, mwanangu," akasema, "lazima tuondoke."

"Twende. Tumchukue tu Mkubwa wetu."

Wakasogea karibu na jukwaa. Bwana Ngwali akanyoosha mikono kuelekea fremu. Mkuu wa polisi, bila kugeuza shingo wala kuacha kutabasamu, akazungumza kwa pembe ya mdomo.

"Mzee. Unataka kufanya nini?"

"Kumwinua, afande. Ni picha yangu. Nahamia nayo."

"Kumwinua Mlezi Mkuu katika kiti bila yeye kupenda," mkuu wa polisi akanong'ona, "kuna jina lake kisheria. Kunaitwa mapinduzi."

Mikono ya Bwana Ngwali ikabaki hewani.

"Nakuomba, Mzee," sauti ya afande ikalegea, "mimi mwenyewe ningefurahi ufanye. Miguu imekufa ganzi. Lakini ukimgusa itabidi nikukamate, na nikitaka kukukamata itabidi niinuke, na nikiinuka nami nakamatwa."

Pazi akamvuta mzee pembeni. "Sikiliza. Tukimwinua, hayo mapinduzi. Tukiondoka wenyewe, huo ni uhamisho tu. Hakuna sheria inayowazuia dereva na kishikio."

"Na mkaguzi? Bila Picha kaya yangu si kamili. Atampa nyumba yule Naibu Mkurugenzi."

"Na ukikaa hapa?"

Bwana Ngwali alifikiri. Kwa miaka yake yote ya kazi alikuwa amesubiri wakubwa warekebishe mvua kabla ya kuitangaza. Aliwatazama waungwana wale waliokuwa wameketi mbele ya chakula baridi, kila mmoja akisubiri ruhusa ya kipande cha kioo, akahisi kwamba anaitazama ofisi yake ya zamani kutoka juu ya wingu.

"Washa gari," akasema.

Safari hii alikaa mbele.

*

Kwenye kizuizi cha mwisho askari aliinua mkono. "Ninyi ni nani? Barabara imefungwa. Tunamsubiri Mlezi Mkuu."

"Sisi ndio tunaotangulia," akasema Pazi. "Yeye bado anakula."

"Anakula mpaka sasa?"

"Hata hajaanza."

Askari alitetemeka kwa heshima, akawafungulia, na barabara yote ya mlimani ikawa tupu mbele yao, imefagiliwa kwa ajili ya mtu mwingine.

Mkaguzi wa Kaya, Bwana Kilindo, alikuwa tayari varandani na kalamu mkononi. Nyuma ya mpapai alisimama Naibu Mkurugenzi na jokofu lake juu ya mkokoteni, akijifanya amepita tu. Bi Mashavu alisimama mlangoni katika sare yake nyeupe. Alipoliona lori likikata kona hakupiga kelele wala kukimbia. Alikunja mikono ya sare.

"Mmechelewa kwa kila kitu isipokuwa ukaguzi," akasema. "Haya, shusheni!"

Kabati likaingia. Meza ikaingia. Kitanda kiliingia bila kufunikwa, na majirani wakakiona, na maadili hayakudhurika. Bwana Kilindo alitembea akitia alama, mpaka akafika sebuleni mbele ya msumari mtupu ukutani.

"Na Yeye yuko wapi?"

Nyuma ya mpapai, mkokoteni ukalia kidogo.

"Yuko Uthabiti, Bwana Mkaguzi," akasema Bwana Ngwali kwa upole. "Ameketi meza kuu. Hajainuka."

"Hayupo, basi." Bwana Kilindo akainua kalamu. Akaishusha. Rangi ya uso wake ikabadilika, kwa kuwa alikuwa mtu msomi na alijua kwamba hakuna mtumishi aliyewahi kuandika kwamba Mlezi Mkuu hayupo mahali fulani akaendelea kuwa mtumishi.

"Ameandika hayupo?" Bi Mashavu akamuuliza mumewe kwa sauti kubwa, ya mtu anayeuliza wodi nzima.

"Sijaandika!" akasema Bwana Kilindo.

"Basi andika yupo."

"Nikiandika yupo hapa, ina maana hayuko Uthabiti, na redio imetangaza asubuhi hii kwamba yuko Uthabiti katika kikao kizito."

"Kwa hiyo, kaka yangu," akasema Bi Mashavu, na sasa sauti yake ilikuwa ile anayotumia kwa mama mwenye uchungu, "ulitaka akatishe kikao cha taifa, aje kutazama kitanda chetu?"

Bwana Kilindo akaketi kwenye kiti cha meza ya chakula. Alifuta jasho, akafuta na kalamu. Kisha uso wake ukafunguka taratibu, akaandika kwa mwandiko mzuri sana: *Kaya kamili. Mkuu wake yuko ziarani.* Akapiga mhuri, akawapa funguo, akatoka haraka kabla maana ya maneno yake haijamfikia.

Naibu Mkurugenzi alipita na mkokoteni wake akiwaaga kwa kichwa. Jokofu lilikuwa zito, na mteremko ulikuwa mrefu.

*

Kuhusu Uthabiti sina mengi. Nasikia wakubwa wangali wameketi. Nasikia pia kwamba tangu hapo soko la wilaya linafunguliwa bila mtu kulifunga, wagonjwa wamerudi hospitalini wenyewe, na migomba miwili mitatu imeshangaza watu kwa kuota mizizi. Wananchi wanawapelekea maji kwa mirija, kwa shukrani, na wanawaombea kikao chema.

Jioni ile ya kwanza, Pazi alipokwisha kula na kulala kwenye lori lake, Bi Mashavu alipakua wali na maharage ya nazi mezani. Bwana Ngwali aliketi. Mikono yake ikakaa magotini. Alitazama sahani, akatazama mlango, akamtazama mkewe, kama mtu anayetafuta ni nani mwenye kuanza.

"Una nini?" akauliza Bi Mashavu.

"Hapana. Nilikuwa nangoja."

Akamsogezea kijiko.

"Kula, Baba Nasra. Hapa hatumngoji mtu."